Tulitaka Kuzikataza Riwaya za Vijana, Tukaambiwa Tuzisome Kwanza

Ndugu msomaji, wiki hii tunaleta habari ya riwaya wanazozisoma vijana wetu: tuliyoyapenda ndani yake na tuliyoyachukia. Hatukuitafuta kazi hii. Tuliletewa ofisini.

Ilikuwa mwezi wa Juni, majira ambayo wakazi wa Arusha tunaweza kukaa siku kadhaa bila kuuona Mlima Meru kwa wingi wa mawingu, na watoto wa madrasa huja wamevaa masweta juu ya kanzu. Mama mmoja wa hapa Ngarenaro alifika msikitini baada ya Alasiri akiwa na kitabu ndani ya mfuko. Alisimama nje kwa muda mrefu, kwa sababu mlango wa ofisi ya kamati uko upande wa wanaume, mpaka alipopita mtoto mmoja akaja kutuita. Kitabu kilikuwa kimevishwa jalada la karatasi ya kaki, na juu yake pameandikwa kwa kalamu: Elimu ya Dini ya Kiislamu, Kidato cha Tatu.

"Ustadhi," alisema, "hiki nimekitoa chini ya godoro la binti yangu. Nje kinasema dini, ndani sijui kinasema nini. Nyinyi ndio mnaojua. Kikatazeni."

Tulipolivua jalada tulikuta riwaya ya Kiingereza, iliyoletwa na ndugu yao aishiye Kanada.

Jambo hilo liliingia katika ajenda ya kikao kilichofuata. Kamati yetu ina wajumbe 11. Mmoja wao alikumbusha kwamba mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwamo vile vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, kwa hoja ya kulinda maadili. Ikiwa serikali imeona hatari hiyo, alisema, msikiti unangoja nini? Hoja ilipita bila mjadala. Kwa nafasi yetu ya ukatibu tuliandika tangazo usiku uleule: mwanafunzi yeyote wa madrasa atakayekutwa na riwaya ataitwa pamoja na mzazi wake. Lilikuwa na mistari sita, nasi tuliridhika nalo.

Baada ya sala ya Alfajiri tulimpelekea mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu, ili atie saini. Alilisoma, akalikunja, akaliweka juu ya goti.

"Katibu, kitabu chenyewe umekisoma?"

Hatukuwa tumekisoma. Tulipokuwa chuo cha Kiislamu tulifundishwa kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua, na kanuni hiyo tumeirudia mara nyingi mbele ya wanafunzi wetu. Mwenyekiti hakutukumbusha hilo. Alitupa wiki tatu.

Tuna mpwa anayeishi nasi, binti wa dada yetu, naye yuko kidato cha tatu katika shule moja ya hapa mjini. Kiarabu chetu ni bora kuliko Kiingereza chetu, hilo tunalikiri. Kwake ni kinyume chake. Tulikubaliana kwamba kila siku baada ya Isha atasoma kwa sauti sebuleni, ahali yetu akimenya ndizi au kukunja nguo, nasi tukiwa na kamusi na daftari. Na ili tusikihukumu kitabu kimoja kana kwamba ndicho vitabu vyote, tuliongeza vitatu vya Kiswahili ambavyo vijana wetu wamekuwa wakivisoma mashuleni. Daftari tuliligawa safu mbili: tunayoyapenda na tunayoyachukia.

Tulianza na Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo. Ni habari ya Peter na Zita, watoto wa mama anayeuza chakula jijini Dar es Salaam, wanaorudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada na sare. Baba yao, Mzee Lomolomo, ni mlevi. Watoto wanaishia kwenye jaa la taka la Tabata, na vijana wa rika lao wanavutwa katika biashara ya dawa za kulevya. Tulilolipenda ni kwamba mwandishi hawacheki maskini wake. Mama yule hana la kutegemea ila jasho lake, na mwandishi anampa heshima ambayo sisi wapita njia hatumpi. Tangu tulipokimaliza, kila tupitapo Soko la Kilombero mchana tunawatazama watoto walio karibu na masufuria, tukijiuliza saa hizo walipaswa kuwa darasa gani.

Tulilolichukia ni kwamba misiba inafuatana kwa kasi, na msomaji kijana anaweza kudhani kuwa umaskini ni hukumu isiyo na rufaa. Tulilisema hilo kwa sauti. Mpwa wetu alifikiri kidogo, akasema, "Mjomba, labda mwandishi aliutafuta mlango, hakuuona." Usiku ule tulifungua daftari la mfuko wa zaka na sadaka wa msikiti wetu. Kulikuwa na saruji, zulia, bili ya maji na vipaza sauti. Mtoto aliyenunuliwa sare ya shule hatukumwona hata mmoja.

Cha pili kilikuwa Takadini ya Ben Hanson, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kisa chake ni cha kale, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, lakini jeraha lake ni la kwetu na la leo. Sekai anamzaa mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mila yake haimruhusu mtoto huyo kuishi. Anatoroka naye mpaka kijiji kingine, ambako mzee Chivero anawapokea na kumfundisha kijana kupiga mbira. Katika nchi yetu, ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama kwa sababu ya ushirikina, kitabu hiki kinastahili kuwa mikononi mwa kila kijana. Tuliupenda ujasiri wa Sekai, na tulipenda kwamba Takadini habaki kuwa mtu wa kuonewa huruma: anakua, anajifunza kazi ya mikono yake, na anapendwa.

Katika safu ya pili tuliandika mizimu na uganga. Hapo kijana wa Kiislamu anahitaji mtu mzima wa kumwambia kwamba wema wa Chivero kwa mgeni ni wema wa kuigwa, na kwamba itikadi yake ni jambo jingine. Ni maelezo ya dakika tano. Tatizo ni kwamba dakika hizo tano hakuna aliyezitoa. Na lipo jambo jingine ambalo halikuwa kosa la mwandishi. Madrasani kwetu yuko mtoto mwenye ualbino, mrefu kuliko wenzake. Sisi wenyewe, tulipopanga safu, tulimweka nyuma kwa sababu ya urefu wake. Wengi wenye ualbino hawaoni mbali. Ubao alikuwa hauoni kwa muda wote huo, na kwa adabu yake hakusema. Sasa anakaa mbele.

Cha tatu ni Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kutiwa katika filamu mwaka 2021 na Amil Shivji. Hiki husomwa na vijana wakubwa wa kidato cha tano na cha sita, na mpwa wetu alitaka kujua kwa nini kaka zao hukisoma kwa kunong'onezana. Ni Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliye na umri wa baba yake. Anaikimbia ndoa hiyo, anapata hifadhi kwa Mwajuma, na anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru.

Tulipenda namna mwandishi anavyoufunua ubaya wa kumwoza binti bila ridhaa yake. Tunajua kuna wasomaji watakaoshtuka, lakini dini yetu ililisema hilo kabla ya riwaya zote. Alikuwapo mwanamke katika zama za Mtume (rehema na amani zimshukie), Khansaa bint Khidham, aliyeozwa na baba yake bila kutaka. Alikwenda kushtaki, na ndoa ile ikabatilishwa. Habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari. Tulichokichukia ni kwamba Yasmin, akishatoka katika nyumba ya dhuluma, uhuru anaokutana nao una ulevi na mapenzi yasiyo na mkataba, na kalamu ya mwandishi inavisimulia vitu hivyo kwa upole mno. Binti anayesoma peke yake anaweza kuona njia mbili tu duniani, mzee Raza au starehe za usiku. Iko ya tatu, ile aliyoipita Khansaa, lakini atamwonyesha nani ikiwa kitabu kimefichwa na mzazi hajui kama kipo?

Ndipo tukafika kwenye kitabu cha chini ya godoro. Kinaitwa Saints and Misfits, kilitoka mwaka 2017, na mwandishi wake, S. K. Ali, ni mwanamke Mwislamu wa Kanada. Kichwa chake chaweza kufasiriwa kuwa watakatifu na wasio na mahali pao. Msimulizi ni Janna Yusuf, binti wa miaka 15 anayevaa hijabu, mama yake Mmisri na baba yake Mhindi, nao wameachana. Ami yake ndiye imamu wa msikiti wao. Tulitabasamu tulipoona kwamba binti huyo ndiye anayemsaidia kuyahariri majibu ya maswali ya waumini, kazi ambayo msikitini kwetu hufanywa na katibu.

Lakini tabasamu halikudumu. Katika kurasa za mwanzo tunaelezwa kwamba kijana mmoja wa msikiti ule, Farooq, alijaribu kumdhulumu Janna kwa nguvu walipokuwa peke yao. Farooq ni hafidhi. Amehifadhi Qur'ani yote, watu wanamsifu, wazazi wanawaambia watoto wao wawe kama yeye. Hapo mpwa wetu alisita kusoma. Ahali yetu aliacha kisu na ndizi, akakaa karibu naye, na tukakubaliana kwamba sehemu hiyo wataisoma wao wawili, sisi tutoke nje. Tulikaa kibarazani katika baridi, bila kuusikia ukurasa ule, na tuliandika katika safu ya pili kwa hasira: kitabu hiki kinawachafua mahafidhi.

Hatukulifuta neno hilo, bado limo. Ila tulipoendelea kusoma katika siku zilizofuata, tuliona kwamba mwandishi haichafui Qur'ani wala aliyeihifadhi kwa kweli. Ami yule imamu ni mtu mpole, mwenye hekima na utani. Yuko Sausun, msichana wa nikabu aliye jasiri na mwenye ulimi mkali, tofauti na picha ya mwanamke wa nikabu katika vitabu vingi vya Magharibi. Yuko Sarah, mchumba wa kaka yake Janna, ambaye Janna anamdhania kuwa mtu wa kujionyesha dini mpaka anapomjua. Sala, futari na mashindano ya maarifa ya dini vimo kama vilivyo katika nyumba zetu, bila kuombewa radhi. Kijana wetu anayesoma riwaya za Kiingereza hukutana na Mwislamu kwa nadra, na mara nyingi ni gaidi au mtumwa wa mumewe. Hapa alikutana na jirani yake.

Tuliyachukia mambo mengine pia. Kurasa nyingi zimetumika kuelezea moyo wa Janna unavyomwelekea Jeremy, mvulana asiye Mwislamu wa shuleni kwake, na mwandishi anachelewa mno kumrudisha. Baba wa Janna amechorwa kama mtu asiye na maana karibu katika kila jambo. Kina baba tunastahili kukosolewa, lakini si kila mmoja ni wa kuchekwa. Na yako maneno ya utani wa mitandaoni ambayo kamusi yetu ilishindwa.

Jambo ambalo halikuingia safu yoyote ni kimya cha Janna. Kwa sehemu kubwa ya kitabu hasemi. Hana shaka na alichofanyiwa; shaka yake ni kama atasadikiwa, kwa kuwa mtendaji anapendwa na msikiti mzima. Usiku tulipokimaliza, baada ya Janna kusema hatimaye, mpwa wetu alikifunga kitabu akauliza, bila kutulenga yeyote:

"Na mimi, Mjomba, ingekuwa madrasani, ningemwambia nani?"

Tulianza kujibu, tukanyamaza. Walimu wa madrasa yetu wote ni wanaume. Wajumbe wa kamati wote ni wanaume. Ufunguo wa ofisi tunao sisi. Mama mtu mzima, mwenye kitabu tu mkononi, alisimama nje mpaka akapita mtoto wa kumsaidia. Ahali yetu alisema kwa upole, "Ungeniambia mimi." Mpwa akajibu, "Mimi ndiyo, Shangazi. Na wale wasiokaa na wewe?"

Katika kikao tulisoma safu zote mbili. Mjadala ulikuwa mkali, na hatutauficha. Mjumbe mmoja, mtu mchamungu tunayemheshimu, alisema vitabu vya aina hii vinawafundisha mabinti kuwashuku walimu wao, na kwamba mtu mwema anaweza kuharibiwa kwa neno moja la uongo. Alimtaja Nabii Yusuf (amani iwe juu yake), aliyesingiziwa na mke wa bwana wake.

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na ndiyo iliyotusaidia. Sura ya 12 ya Qur'ani tukufu yote ni kisa cha Yusuf, naye alikuwa kijana. Ndani yake mna husuda ya ndugu, mna mwanamke aliyefunga milango akamtaka kijana, mna uongo na gereza. Allah hakutuficha kishawishi kile. Amekisimulia kwa staha, bila neno la kuamsha matamanio, na akatuonyesha mtu anavyoweza kusimama, na mwisho akatufikisha kwenye msamaha. Kwa mizani hiyo tunaweza kuipima riwaya yoyote: inasimulia vipi, na inamwacha msomaji wapi. Kisha tulimkumbusha ndugu yetu jinsi tuhuma ile ilivyochunguzwa. Aliyekuwapo hakusema binti na kijana wanyamaze ili nyumba isiaibike. Alisema ikaguliwe kanzu, imechanika mbele au nyuma. Yusuf aliokolewa na uchunguzi. Anayesingiziwa na anayedhulumiwa wote wawili wanahitaji mlango wa kugonga na mtu wa kuitazama kanzu.

Mwenyekiti alizungumza mwisho. Alisema alipokuwa mwanafunzi, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa mashuleni, na ndipo kila mwanafunzi alipoitafuta. Walikisoma kwa kupokezana, usiku, bila mwalimu. Hivyo hakuna aliyewaeleza lililo wazi katika kitabu hicho, kwamba Zakaria alimpiga vibaya binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, akamlea kwa hofu tupu, na hofu ile haikumlinda alipotoka nyumbani.

Kamati haikukubaliana katika yote. Ombi letu la kuwa na rafu ya riwaya madrasani lilikataliwa kwa kura 7 dhidi ya 4, nasi tumelitii shauri. Yaliyopita ni haya: tangazo halitabandikwa, wazazi watahimizwa kusoma kabla ya kukataza, na kusoma pamoja na watoto wao, mfuko wa sadaka utatenga fungu la sare na madaftari, na walimu wawili wanawake watapewa chumba upande wa wanawake, chenye ufunguo wao wenyewe, na saa moja kila Alhamisi kwa ajili ya yeyote mwenye la kusema. Mjumbe aliyepinga ndiye aliyejitolea kununua kitasa.

Kitabu tulikirudisha kwa mama yule, pamoja na daftari letu akapige chapa ya mawazo yake mwenyewe. Tulimshauri asimuulize binti yake kwa ukali, bali amwombe amsomee. Baadaye tulisikia kwamba binti alikificha kwa sababu moja tu: alijua kitachukuliwa kabla hajamaliza. Na kweli tulikichukua akiwa amebakiza sura nne.

Wiki iliyopita mama alipita tena. Safari hii aliingia kwa mlango wa wanawake, na tulizungumza dirishani. Alisema wamefika mwisho, na wamegombana kuhusu Jeremy, kila mmoja na msimamo wake. Kisha akatoa karatasi yenye mwandiko wa binti. Kumbe kitabu kina cha pili, Misfit in Love, cha mwaka 2021, na binti anauliza kama katibu atahitaji wiki tatu nyingine kabla hakijaruhusiwa.

Tumemjibu kwamba kwetu baridi haijaisha, na kwamba mpwa wetu ameshaliandaa daftari. Wallahu a'lam.